Siku Mheshimiwa Alipoionja Baiskeli ya Umeme

Jamhuri ya Tupotupo haipo kwenye ramani, kwa hiyo asikasirike mtu. Kama kuna mheshimiwa anayesoma hapa na kuhisi kiti kinamwasha, ajikune taratibu; anayesemwa ni mwingine.

Ni nchi ya amani kupita kiasi. Amani yenyewe imefungiwa ndani na inalindwa na askari wenye virungu, isije ikatoroka. Nami niliwahi kuguswa na kirungu kimojawapo, na kusema kweli kilikuwa kimechongwa vizuri, hakina hata kibanzi.

Tupotupo ina sheria moja kubwa, nyingine zote ni vitukuu vyake: kitu kipya hakitumiki mpaka mkubwa akionje. Kisima kikichimbwa, hakuna mwenye ruhusa ya kuchota mpaka aje mkubwa, anywe glasi moja mbele ya kamera, afute mdomo, atamke kwamba ni maji. Daraja likijengwa, watu wanaendelea kuvuka mtoni na suruali wamekunja, daraja likiwa juu ya vichwa vyao, mpaka mkubwa atakapopata nafasi ya kuvuka kwanza. Wodi ya wazazi ya Chekeni ilipokamilika, akina mama walijifungulia barazani msimu mzima wa mvua wakimsubiri Waziri wa Afya. Akaja, mwanaume wa miraba minne, akapanda kitanda cha kujifungulia na viatu vyake, akalala chali, akapigwa picha, akasema kinafaa. Makofi yalipigwa. Mpaka leo hatujaambiwa alijifungua nini.

Sasa hapo hapo Chekeni, chini ya mlima Kikweo, kuna hospitali. Watu wako juu ya mlima. Mpangilio huo ulifanywa na wataalamu.

Kati ya hospitali na watu kulikuwa na njia ya mawe, jua kali, na muuguzi mmoja aitwaye Sikitu. Mwaka ule surua iliingia Kikweo, na watoto wawili walikuwa wameshazikwa. Chanjo ilikuwepo, tena tele, kwenye jokofu la hospitali. Tatizo ni kwamba chanjo ya surua haivumilii joto. Sikitu alikuwa akiipanga kwenye kisanduku chenye barafu, anakivaa begani, anapanda mlima kwa miguu. Akifika juu barafu imegeuka maji ya uvuguvugu na dawa imeharibika. Anaimwaga, anashuka, kesho anaanza tena.

Miongoni mwa watoto waliomngoja kule juu alikuwemo Tumsime, mtoto wa kaka yake, mwenye mashavu kama maandazi na mkono ambao haujawahi kuguswa na sindano. Kila Sikitu aliposhuka bila kumchanja, wifi yake alimsindikiza mpaka kwenye kona bila kusema neno. Sikitu angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Utauliza, na gari la wagonjwa? Lilikuwepo. Lilikuwa nyuma ya hospitali, limefungwa utepe mwekundu, likimsubiri mgeni rasmi. Lilisubiri mpaka matairi yakakaa chini na kuku wa mganga mkuu wakaona ni mahali pazuri pa kutagia. Kuku hao ndio wagonjwa pekee waliowahi kulazwa humo, na wote walitoka salama.

*

Ndipo ikaja baiskeli.

Ilikuwa baiskeli ya umeme, ya bei nafuu, nafuu kiasi kwamba hata mwalimu angeweza kuinunua bila kumuuza mwalimu mwenzake. Betri yake ilikuwa ndogo kama mkate, unaichaji kama simu, unakaa, unazungusha kipini cha mkononi, na mlima unashuka wenyewe mpaka ulipo. Hospitali ya Chekeni iligawiwa moja. Sikitu alipoiona akaizunguka, akapima kerieri kwa kiganja, akapiga hesabu ya mawe na kona, akaona kwamba barafu ingefika Kikweo kabla haijajua kama imeondoka.

Alipogusa tu nailoni iliyoifunika, sauti ikamkuta.

"We Sista! Toa mkono. Haijaonjwa."

Alikuwa Bwana Mtipura, Afisa Itifaki wa wilaya, mtu ambaye kazi yake ni kujua nani akae wapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Toa mkono kwanza."

"Mzee wangu, naomba niionje mimi. Mpaka pale kwenye kona tu, nirudi."

"Wewe?" Mtipura alicheka mpaka kitambulisho kikamruka kifuani. "Una cheo gani cha kuonja? Ukianguka, nani atatoa tamko?"

"Kule juu kuna surua."

"Imetangazwa?"

"Watoto wanazikwa, mzee."

"Sista, mimi nimeuliza kama imetangazwa. Usiniletee habari za makaburi. Makaburi hayana msemaji."

"Sasa nifanye nini?"

"Ufanye subira. Mheshimiwa yuko ziarani nje ya nchi, anaonja treni ya wenzetu. Akimaliza treni atashuka kwenye baiskeli."

Sikitu akarudi kwenye jokofu, akajaza barafu, akapanda mlima kwa miguu. Siku hiyo pia akaimwaga dawa. Jioni wakamzika mtoto wa tatu.

*

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa Dokta Kasapila Lugendo, Waziri wa Magurudumu, Nyayo na Mienendo Bora. Udokta alitunukiwa na chuo ambacho yeye ndiye aliyekipa kiwanja.

Ofisi yake ilikubali kuja, halafu ikashtuka. Kuna mtu alikuwa ameandika kwenye mwaliko kwamba baiskeli hiyo ni ya bei nafuu. Nafuu! Wakapiga simu Chekeni kwa ukali. Mheshimiwa tangu ateuliwe hajawahi kukalia kitu cha bei nafuu, na daktari wake binafsi hakuwa na uhakika mwili ungepokea vipi. Mtipura akatumia akili. Akaagiza baiskeli zote nchini zipandishwe bei mara kumi kwa siku ya onjo, ili zilingane na hadhi ya mwonjaji, kisha zirudi pale pale zilipokuwa. Kupandisha kulifanyika ndani ya saa moja. Kushusha kuliundiwa kamati, na kamati iko visiwani, hotelini, inapitia mapendekezo.

Siku ikafika. Wanafunzi walipangwa juani tangu asubuhi wakiimba wimbo wa kuusifu umeme, ingawa shuleni kwao haujafika. Uwanja wa mpira ulitandikwa zulia jekundu kutoka goli hadi goli. Msafara ukaingia kwa vumbi: magari marefu, meusi, yanayokunywa dizeli kama ng'ombe wa machungani, yakimleta mtu mmoja kuja kuonja chombo kisichotumia mafuta. Moshi ulipotulia, Mheshimiwa akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema, "umeme ni umeme." Makofi. "Na baiskeli ni baiskeli." Makofi, na mama mmoja akapiga kigelegele. "Wakoloni walituachia umeme upande huu, na baiskeli upande ule. Walijua walichokuwa wanafanya! Hawakutaka vikutane! Leo hii Serikali yenu sikivu imevikutanisha, na sisi wengine tuliokuwepo tutakuwa mashahidi."

Mtipura alilia. Alikuwa na kitambaa maalumu kwa kazi hiyo.

Baiskeli ikafunuliwa. Juu ya kerieri walikuwa wamefunga mto wa sponji, na juu ya mto wametandika taulo jeupe, maana mkubwa wa Tupotupo hakalii kitu kisicho na taulo. Mheshimiwa akateremka, akaikagua kama anakagua gwaride, akakipita kiti, akaenda nyuma upande wa kushoto, akakaa juu ya kerieri. Akakunja nne. Akatoa gazeti. Akasubiri.

Upepo ukapita na karatasi ya maandazi.

"Tunangoja nini?" akauliza Mheshimiwa kutoka nyuma ya gazeti.

Sikitu alikuwa amesimama na wauguzi wenzake kwenye kamba. Akashindwa kujizuia. "Mheshimiwa, mwenye kuiendesha anakaa mbele!"

Watu wakainamisha vichwa, kila mmoja akijaribu kuonekana hajasikia. Mtipura akageuka polepole.

"Dada," akasema, "mbele wanakaa wafanyakazi. Dereva yuko wapi?"

Dereva akatolewa kwenye gari la mbele. Aliitwa Shedafa, mtu mpana, mwenye kitambi kilichokuzwa na miaka mingi ya kukaa garini akiwasubiri wakubwa watoke kwenye mikutano. Akakaa kwenye kiti cha baiskeli kikatoweka. Akatafuta mkanda, hakuupata. Akatazama juu kutafuta kioo, akaona mawingu. Wakamwonyesha kipini. Walinzi wanne wakaishika baiskeli pande zote ili isianguke, matarumbeta yakapigwa, na onjo la kitaifa likaanza, kwa mwendo wa jeneza.

Nusu ya zulia, Mheshimiwa akamgonga dereva begani.

"Ongeza kiyoyozi."

"Ni huo huo upepo, Mheshimiwa."

"Upunguze basi. Na mbona chombo hakilii? Wananchi watajuaje kwamba napita?"

"Hakina injini, Mheshimiwa."

"Kiwekeeni king'ora," akasema Mheshimiwa, kwa huruma, kama anayeagiza mtoto yatima apewe uji.

Wakafika goli la pili. Mheshimiwa akashuka, akafuta jasho ambalo walinzi walikuwa wamelitoa kwa niaba yake, akatamka kwamba baiskeli inafaa, ni imara, na sehemu ya nyuma ni nzuri kwa kusomea. Kisha akarudi kwenye gari, na moshi ukamsindikiza.

Sikitu alikuwa tayari ameshaanza kufungua taulo.

"Acha hivyo hivyo," akasema Mtipura.

"Si imeshaonjwa, mzee?"

"Imeonjwa. Na itatumika kama ilivyoonjwa."

Hiyo ndiyo sehemu ya sheria ambayo watu huisahau. Tangu Waziri wa Afya alale kwenye kile kitanda, wanawake wa Chekeni wanajifungua na viatu. Kwa baiskeli, Mtipura alieleza kwa upole wa mtu anayezungumza na mbuzi: mtumiaji anakaa nyuma, juu ya taulo, mbele anakaa dereva wa Serikali, king'ora kinalia. Dereva atakuwa Shedafa, kwa kuwa ndiye mtaalamu pekee wa chombo hicho nchini.

"Mzee, baba huyu na mimi na sanduku, juu ya mlima ule?"

"Mheshimiwa alipanda na hakulalamika."

"Alipanda zulia!"

"Sista, unaanza kuwa na maoni."

*

Asubuhi yake Shedafa alikuwa mlangoni pa hospitali amepiga pasi mpaka kola. Si mtu mbaya. Nchi ile imejaa watu wasio wabaya, ndiyo maana inakwenda kama inavyokwenda.

"Karibu, bosi," alimwambia Sikitu, maana kwake yeyote anayekaa nyuma ni bosi. "Tunaelekea wapi?"

"Kikweo, kaka. Na tafadhali, barafu haitungoji."

Sikitu akakaa juu ya taulo, kisanduku kimening'inia begani kwa mkanda wake. Shedafa akawasha king'ora. Sokoni watu wakakimbia huku na huku wakificha bidhaa zao, wengine wakapiga magoti kwa tahadhari. Kwenye tambarare walikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, mota ikalia kidogo, ikanung'unika, ikanyamaza.

"Bosi," akasema Shedafa bila kugeuka, "naomba ushuke usukume."

"Wewe ndiye ushuke, kaka Shedafa. Hebu jitazame!"

"Siwezi kuacha usukani. Usukani ni mali ya umma."

"Basi tushuke wote, niende kwa miguu kama zamani."

"Ukienda kwa miguu nitaandika kwamba umekikimbia chombo cha Serikali. Mimi nina watoto, bosi."

"Hata wa kule juu ni watoto."

Shedafa akatafakari jambo hilo. Ilionekana kwa nyuma, shingo ilivyokunjamana. Halafu akapiga king'ora, kwa sababu ndilo jibu alilokuwa nalo.

Sikitu akashuka, akaweka mikono kwenye kerieri, akasukuma. Akaisukuma baiskeli ya umeme, betri yake imejaa, dereva amekaa wima juu yake kama sanamu ya uhuru, akiwapigia mbuzi king'ora wapishe. Jasho likamwingia machoni. Kila baada ya mwendo alisimama, akatikisa kisanduku karibu na sikio. Mwanzo vipande vya barafu viligongana kwa sauti ya mawe. Halafu kwa sauti ya mbao. Walipofika kwenye kona yenye kajinafasi ka tambarare, ndani kulikuwa na mchezo wa maji, na vipande vichache vinavyoelea vikigongana kwa uchovu. Kikweo ilikuwa bado juu kabisa, moshi wa majiko yake unaonekana kama uzi.

Alijua kitakachofuata. Atafika, ataimwaga, wifi atamsindikiza bila neno. Na Tumsime alikuwa ameanza kukohoa juzi.

Akakaa tena juu ya taulo. Akasema kwa ile sauti ya puani ya watu waliozoea kubebwa:

"Dereva. Tumefika."

Dereva wa Serikali ya Tupotupo akisikia maneno hayo hafikiri. Miguu ndiyo inayofikiri. Shedafa alishuka, akavuta shati, akazunguka nyuma kwa haraka, akasimama upande wa kushoto, akainamisha kichwa, maana mkubwa hatazamwi anaposhuka, akanyoosha mkono amfungulie mlango. Mlango haukuwepo. Akapapasa hewa, kwa adabu, akitafuta kitasa.

Sikitu akasogea mbele, akakaa kwenye kiti, akazungusha kipini.

Shedafa alipoinua macho, bosi alikuwa anapanda mlima, na gauni lake jeupe limejaa upepo.

"Bosi!" akapiga kelele. "Bosi, umekaa mbele!"

"Najua, kaka!"

"Mbele, bosi! Watu watakuona!"

Kwa kuwa hakujua la kufanya, Shedafa alipiga saluti. Alibaki nayo mpaka baiskeli ikapotea kwenye kona ya juu.

King'ora kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo kina mama wa Kikweo hawakukimbilia porini na watoto wao. Sikitu akafungua kisanduku mbele yao. Barafu ilikuwa imebaki kidogo, kama vipande vya sabuni vya mwisho wa mwezi, lakini chupa za dawa zilikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Akachanja mpaka mkono ukafa ganzi. Tumsime alipiga ukelele uliosikika mpaka Chekeni, akamng'ata shangazi yake kidole gumba. Wifi mtu alicheka kwanza, halafu akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso na khanga.

*

Sikitu alikamatwa siku hiyo hiyo alipokuwa anateremka, kwa kosa la kukaa mbele bila cheo. Shedafa alitoa ushahidi, akilia. Baiskeli nayo iliwekwa rumande, ikaegemezwa kwenye gari la wagonjwa, kuku wakaichunguza.

Lakini Serikali makini haiishii kwa mhalifu, inafuata na mazao ya uhalifu. Mtipura alipanda jukwaani akasoma tamko. Chanjo za Kikweo, alisema, zilifika kwa namna isiyoonjwa, kwa hiyo kisheria hazikufika. Watoto waliochanjwa wanahesabiwa kuwa hawajachanjwa. Wazazi wanatakiwa waendelee kuwa na hofu kama kawaida, na yeyote atakayeonekana ametulia atachukuliwa hatua.

Mbunge mmoja aliyekuwa amelala akaamka vibaya, akauliza bungeni kama si kweli kwamba surua imeisha Kikweo. Mheshimiwa Dokta Kasapila Lugendo alisimama kujibu mwenyewe.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "Serikali hii haitavumilia wananchi kupona kiholela. Leo watapona surua, kesho watapona nini?"

Meza ziligongwa mpaka glasi zikaanguka. Ikapitishwa kwamba Kikweo ibaki na surua, rasmi, mpaka mgeni rasmi atakapopatikana wa kuiondoa. Polisi waliwekwa njiani na barakoa kuulinda ugonjwa huo usiondoke. Surua yenyewe hawakuikuta. Walikuta watoto wanawarushia mbegu za maparachichi, wakaandika kwamba dalili ni kali.

Wiki ile ile wifi wa Sikitu alishuka mlima kumpelekea chakula mahabusu. Mlangoni askari aliuvuruga ugali kwa kidole kutafuta kitu, akaonja mboga mara mbili, akampitisha. Sikitu alikuwa amekaa sakafuni, amekonda. Hakugusa sahani.

"Tumsime?" akauliza.

"Yupo."

"Upele?"

"Hana."

"Kile kikohozi?"

"Kimeisha."

"Homa je? Usinifiche, wifi."

"Homa hana. Jana kamng'ata bibi yake."

Sikitu akavuta sahani karibu, akanawa, akala ugali wote mpaka akaifuta sahani.